Kimo cha Kibo: Idadi au Kipimo?

Mtu asimamaye Chekereni, kusini ya mji wa Moshi, asubuhi ambapo mawingu hayajapanda, huona majaruba ya mpunga, na juu yake, upande wa kaskazini, Kibo na barafu yake. Mwulize mtoto yeyote wa shule kimo cha mlima ule, atajibu bila kusita: mita 5,895. Nilipata kuona karatasi ya mtihani, ya shule nisiyoitaja, ambamo mwanafunzi aliandika 5,892 akanyimwa alama. Tangu siku ile namba hii hainipi raha.

Tuitazame kwanza kama hesabu tupu. Jumla ya tarakimu zake ni 27, kwa hiyo yagawanyika kwa 9 bila baki. Ukiivunja hata mwisho wapata 3 mara 3 mara 5 mara 131, na 131 ni namba tasa, haina kigawo ila 1 na yenyewe. Kilele kingalizidi mita 2 tu, tungalipata 5,897, nayo ni tasa nzima. Sifa hizi hazikutungwa na mtu. Zilikuwa kweli kabla Hans Meyer na Ludwig Purtscheller hawajafika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na zitakuwa kweli hata barafu yote ikiisha.

Lakini je, ni sifa za mlima? Meyer alirudi na kipimo cha zaidi kidogo ya mita 6,000. Mwaka 1952 wapimaji wa Kiingereza walipima upya, na katika ramani zao kimo kiliandikwa kwa futi, 19,340. Zidisha kwa 0.3048, wapata 5,894.83, nayo hukamilishwa kuwa 5,895. Basi ile 9 tuliyoistaajabia imezaliwa na mabadiliko ya futi kuwa mita. 19,340 haigawanyiki hata kwa 3. Uhuru ulipokuja, tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge kileleni, kilele kikaitwa Uhuru. Jina likageuka, namba ikabaki.

Mwaka 1999 wataalamu walitumia satelaiti wakapata 5,892. Mwaka 2008, 5,891, ambayo ni 43 mara 137. Mlima haukuzama. Kimo huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, na chini ya Kibo hamna bahari. Usawa huo hukisiwa kwa nguvu ya mvutano wa dunia, na ukibadili makisio, mita chache huja au huenda.

Kiswahili kimekwisha kutenga maneno mawili, idadi na kipimo. Idadi ina vigawo; kipimo kina kosa lake. Wakulima wa Chekereni, ambao tangu miaka ya 1980 hupokea maji ya Rau na Njoro kwa mifereji iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani, hawaulizi mfereji uko juu ya bahari mita ngapi. Huuliza umelipita jaruba kwa kiasi gani, maana hapo ndipo maji yatakapoteremka au yatakaposimama.

Kibao cha kileleni kingali kikisoma 5,895. Karatasi ile ingaliletwa kwangu, ningalimpa mwanafunzi alama yake, kisha nikamwuliza alipimaje.