Vita Kuu Ilivyoingia Nyumbani: Maongezi juu ya Nchi ya Kilimanjaro, 1914–1918

Mtu apitaye leo Chekereni, katika tambarare iliyo kusini ya mji wa Moshi, huona majaruba ya mpunga yaliyojaa maji, na mifereji iliyojengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Mbele yake ni Kahe. Ni vigumu kusadiki kwamba katika mwezi wa Machi 1916 majeshi mawili ya Wazungu, pamoja na askari Waafrika na Wahindi, yalipigana katika tambarare hii, na kwamba Wadachi walikokota hata huku bara mzinga mkubwa uliotoka katika manowari yao Königsberg.

Desturi ya vitabu ni kusimulia vita kwa majina ya majemadari. Sisi, wasomaji wetu, tutashika njia nyingine. Twataka kutazama chungu cha jikoni, nguo ya mwilini na shamba la nyuma ya nyumba, maana huko ndiko vita ilikokaa zaidi.

Kwanza hapana budi kukumbuka hali ilivyokuwa kabla. Reli itokayo Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kwa reli hiyo zililetwa nguo, majembe, sabuni na mafuta ya taa, na watu wakaanza kuzoea vitu vya dukani. Tena palikuwapo njia ya zamani kuliko reli, nayo ni njia ya Taveta. Wachaga na Wataveta walikuwa wakiuziana na kuoana tangu zamani, na mpaka uliochorwa na Waingereza na Wadachi haukuwakataza kwenda sokoni.

Vita ilipotangazwa mwezi wa Agosti 1914, njia zote mbili zilifungwa. Tarehe 15 ya mwezi huo Wadachi waliiteka Taveta, na mahali pa soko pakawa mahali pa ngome. Manowari za Kiingereza nazo zikaziba bahari, hata shehena chache tu zikapenya. Duka lililokuwa na bafta likabaki na rafu tupu. Nchi nzima ikalazimika kujitengenezea mahitaji yake: huko Amani, katika milima ya Usambara, wataalamu wa Kidachi walitengeneza kwinini kwa magome ya miti, na sabuni na mishumaa kwa vitu vya hapa hapa, wanawake wa nchi mbalimbali wakarudi kusokota pamba kwa mkono. Fedha nayo ikaadimika. Serikali ikapiga chapa noti za karatasi hafifu, na mwaka 1916 huko Tabora ikafua heller za shaba nyeupe na nyekundu, na hata sarafu za dhahabu zenye sura ya tembo. Wakusanyaji wa siku hizi hununua sarafu hizo za tembo kwa bei kubwa. Lakini mkulima aliyeuza mtama wake akalipwa karatasi alibaki na karatasi, maana Wadachi walipoondoka hakuna aliyetaka kuipokea.

Kwa muda wa miezi kumi na tisa mlima ulikuwa ukingo wa vita. Jeshi lililokaa hapa lilitaka kula kila siku, na chakula chake kilitoka kwa wenyeji: ng'ombe, mahindi, maharagwe na ndizi. Tusidhani kwamba chakula hicho kilikuwa ziada. Ng'ombe wa Mchaga hufungwa nyumbani na kulishwa majani yaletwayo kichwani, na samadi yake ndiyo nguvu ya mgomba. Aliyenyang'anywa ng'ombe alipunguziwa maziwa mwaka huo, na ndizi katika miaka iliyofuata.

Mwezi wa Machi 1916 Jemadari Smuts alileta jeshi kubwa kwa pande mbili za mlima. Palipiganwa sana katika vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, na katikati ya mwezi Waingereza waliingia Moshi. Tarehe 21 Wadachi wakapigwa Kahe. Wakauharibu mzinga wao, wakarudi nyuma kuifuata reli. Ndipo mvua za masika zikaanyesha, motokaa zikazama matopeni. Na reli mpya iliyojengwa na Waingereza kutoka Voi ikaunganishwa na ile ya Tanga, hata Moshi iliyokuwa ikitazama Tanga ikaanza kutazama Mombasa pia.

Sasa twafika kwenye habari iliyo nzito kuliko zote, nayo ni habari ya wapagazi. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa ndorobo, na motokaa hazikuweza kupita. Akabaki mwanadamu. Lakini mpagazi naye hula. Mzigo wake ukiwa ratili hamsini za unga, naye akala ratili mbili kwa siku, basi baada ya siku ishirini na tano ameumaliza mzigo wote, na askari aliye mbele hajapata kitu. Kwa hiyo kadiri vita ilivyokwenda mbali kusini, ndivyo wapagazi walivyotakiwa wengi zaidi, wengine kuwachukulia wengine chakula. Hesabu hiyo ndiyo iliyomaliza vijiji. Katika Kenya, mwaka 1917, serikali iliamuru watu wakusanywe kwa nguvu kila wilaya. Na upande wa Wadachi watu walichukuliwa vivyo hivyo.

Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa na kwa kichomi. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, na mara nyingi hawakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Hesabu ya Waingereza wenyewe ilitaja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wa baadaye wameona kwamba ilikuwa pungufu sana. Hata mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Kule Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalikula akiba ya nchi, mvua nayo ikakosa, njaa iitwayo Mtunya iliua watu wapatao 30,000 kati ya 1917 na 1920.

Na nyumbani je? Mume akiwa hayupo, mke alibeba kazi mbili. Kuzibua mfereji ni kazi ya wanaume wa ukoo mzima pamoja. Wakipungua, maji hupungua. Kisha mwishoni mwa 1918, wakati ule ule Wadachi waliposalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba, homa ya mafua ilienea nchini, ikaua makumi ya maelfu, hasa vijana waliokuwa wamesalimika vitani.

Mengine hayakutazamiwa na mtu. Mwaka 1920 wamisionari wa Kidachi wa Kilutheri walifukuzwa, na Bruno Gutmann wa Old Moshi hakurudi mpaka 1925. Katika miaka hiyo walimu Waafrika ndio walioshika shule na ibada; na mtu aliyekwisha kuongoza peke yake hawi tena mwanafunzi wa kuitikia tu. Sisi twaona kwamba jambo hili lilikuwa na uzito kuliko mabadiliko ya bendera. Wachaga walizidisha kupanda kahawa, na mwaka 1925 wakaanzisha chama chao cha wakulima, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake wa kwanza. Chama cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933.

Vita ya pili ya 1939 haikupiganwa mlimani. Ilichukua vijana wa Tanganyika wapatao 87,000, ikaleta tena uhaba wa nguo, lakini migomba haikukanyagwa.

Katika Nairobi ipo sanamu ya kumbukumbu ya Vita Kuu ya kwanza, na mpagazi amesimama pamoja na askari. Katika Dar es Salaam sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya askari peke yake. Lakini mtu akiuliza njia ya soko kubwa la mji huo, ataambiwa aende Kariakoo, na jina hilo ni la kikosi cha wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa pale.