Forodha ya Kilwa

Forodha ya Kilwa ni utaratibu wa kutoza ushuru wa bandarini ulioendeshwa kwanza na masultani wa Kilwa Kisiwani, kisha na Zanzibar, na hatimaye na Wajerumani. Maelezo yake ya zamani yaliyo bayana zaidi yamo katika barua ambayo Mreno Diogo de Alcáçova alimwandikia mfalme wake mwaka 1506, mwaka mmoja baada ya Francisco de Almeida kuuteka mji huo. Kwa mujibu wa barua hiyo, mfanyabiashara aliyeingia Kilwa alilipa mithikali moja ya dhahabu, yaani uzito wa gramu 4 na ushei, kwa kila vitambaa 500, kisha sultani akachukua theluthi mbili ya shehena, na theluthi iliyobaki ikathaminiwa na kutozwa mithikali 30 kwa kila 1,000. Alipofika Sofala, bandari ya dhahabu katika Msumbiji ya leo, alitoa kitambaa kimoja katika kila saba, na wakati wa kurudi alilazimika kutia nanga Kilwa na kulipa mithikali 50 kwa kila 1,000 za dhahabu. Aliyeikwepa Kilwa alidaiwa Mombasa hati ya malipo, na akiikosa alikatwa mithikali hizo 50, zikapelekwa kwa sultani wa Kilwa. Huenda viwango hivyo vilitiwa chumvi, hasa ile theluthi mbili, kwa kuwa mwandishi alikuwa akimweleza mfalme faida ya mji uliotekwa. Lakini habari ya hati inaonyesha kwamba forodha hiyo ilitegemea maelewano ya bandari na bandari.

Dalili za biashara iliyoilisha forodha hiyo zimo pia katika magofu ya kisiwa: Husuni Kubwa, jumba lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya genge la bahari, lina upande wa kusini ua mpana uliozungukwa na safu za vyumba, ambavyo Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyeyafukua magofu hayo, aliviona kuwa vya biashara na maghala.

Baadaye ushuru uliegemea watumwa. Katika mkataba wa 1776 sultani wa Kilwa alimwahidi Mfaransa Morice watumwa 1,000 kila mwaka kwa riale 20 kila mmoja, na riale 2 zaidi kwa kila kichwa zikawa zake mwenyewe. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje chini ya Zanzibar, ambayo haikukusanya ushuru yenyewe bali iliukodisha, yaani mfanyabiashara wa Kihindi, kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji, alimlipa sultani kiasi cha mwaka kilichokubaliwa na kubaki na ziada.

Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki forodha za pwani, kutoka mto Umba hadi Ruvuma. Kampuni ilipoanza kuzichukua Agosti, pwani iliasi, na mwezi uliofuata mawakala wake wawili waliuawa Kilwa. Muongo mmoja baadaye serikali ya kikoloni iliongeza kodi ya nyumba, iliyomfikia hata mkulima wa milima ya Matumbi asiyepeleka bidhaa yoyote bandarini.