Miezi Ambayo Speke Hakuiona

Septemba moja, miaka michache iliyopita, Shangazi alinipigia simu kutoka Nkwenda, wilayani Kyerwa. "Mwanangu, ninyi mlioko Dar mnasemaje? Mvua inakuja lini?" Nilifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu yangu, nikaona mawingu na matone ya wiki nzima. Nikamwambia apande. Mvua ilinyesha siku mbili, kisha likafuata jua la wiki tatu. Maharage yalichipua, yakanyauka. Mbegu ile alikuwa ameitunza tangu msimu uliopita, ameichanganya na majivu isiliwe na wadudu.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Ile haikuwa mvua. Ilikuwa ya kutuliza vumbi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyewahi kuandika majira ya nchi yetu, na aliandika nini.

Shuleni tulifundishwa masika, vuli, kiangazi na kipupwe. Ni maneno mazuri, lakini yalizaliwa pwani, kwa watu waliopanga mwaka wao kwa pepo za kaskazi na kusi zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Karagwe na Kyerwa hakuna jahazi la kusubiriwa. Ziko kati ya digrii 1 na 2 hivi kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na Septemba, huku ukanda wa mvua ukilifuata. Ndiyo maana tuna misimu miwili ya kupanda: mmoja huanza Septemba hadi Desemba, mwingine Machi hadi Mei. Katikati kuna ukavu mfupi wa Januari na Februari, na ule mrefu wa Juni hadi Agosti, tunaouita kyanda. Bukoba, iliyo kando ya Ziwa Victoria, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Vilima vyetu vya magharibi hupata nusu ya hizo au pungufu. Huku, wiki tatu za jua ni jambo zito.

Mzungu wa kwanza kuandika kwa kirefu aliyoyaona mwenyewe katika nchi hii alikuwa John Hanning Speke. Alifika ikulu ya Mfalme Rumanyika, Bweranyange, Novemba 1861, akiwa na mwenzake James Grant. Alikuja katikati ya mvua. Akakuta nchi ya kijani, ng'ombe wengi na maziwa tele. Wasomaji wengi wa leo wanalijua tukio moja tu la ziara ile: Speke akimpima kwa utepe mwanamke wa ikulu aliyenenepeshwa kwa maziwa. Aliyaandika maungo ya mama yule kama mtu anayepima gogo. Hakujiuliza maziwa yale yanatoka wapi. Maziwa ni majani, na majani ni mvua. Mnamo Julai vilima vile vile huwa na rangi ya kahawia, rweya inachomwa moto, na wachungaji huteremsha ng'ombe mabondeni kufuata maji, hata kuelekea Mto Kagera.

Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya cha mguu, alibaki hadi Aprili, naye akabebwa kwenye machela. Kwa hiyo wote wawili kwa pamoja waliona Karagwe kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika kitabu chake cha 1863, Speke aliweka hata jedwali la siku za mvua za safari yake. Ni kazi ya uangalifu. Lakini kwa Karagwe, jedwali hilo halina kyanda.

Henry Morton Stanley alikuja kwa Rumanyika mwaka 1876, mvua za Machi zikikaribia. Alirudi mwaka 1889 na msafara wa Emin Pasha, na safari hii alivuka Kagera mwishoni mwa Julai. Hapo ndipo mmoja wao alipopita kwetu wakati wa kyanda, lakini alikuwa mtu mwenye haraka ya kufika pwani. Mara zote mbili alipita Mtagata, kwenye chemchemi za maji moto ambazo leo ziko Kyerwa, ambako wagonjwa walikuja kuoga kutafuta nafuu.

Siwalaumu kwa tarehe za safari zao. Ninachosema ni kwamba Karagwe ya vitabuni ni ya watu waliopita, na mpita njia hahitaji kuweka mbegu hadi Septemba. Mwenye kuweka mbegu ndiye anayeijua kyanda: baridi ya usiku wa Juni, nyasi zinazotandazwa kwenye kibanja ili migomba isikauke, kahawa inayoanikwa wakati jua ni la uhakika, akiba inayopungua kikapuni. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilikaa kwa watu kama Shangazi.

Mwaka jana nilimuuliza kwa nini aliuliza mtu wa Dar, naye amelima miaka hamsini. Alinyamaza kidogo. "Kwa sababu dalili hazikubaliani tena," alisema. "Upepo unasema hivi, mawingu yanasema vile. Hata senene wa Novemba mwaka mwingine hawaonekani. Nilidhani labda ninyi mna kitu."

Hatukuwa na kitu. Sasa tuna daftari. Kila mvua inyeshapo ananipigia, naye husema ilikuwa ya aina gani: ya kutuliza vumbi, ya kulowesha majani, au ile ambayo ukichimba kwa jembe unakuta udongo wa chini umeshika maji. Ya tatu ndiyo ya kupandia. Siku hizi anapanda nusu ya mbegu, nusu anaiacha kwenye majivu.

Nimechora jedwali kama la Speke, lenye miezi yote kumi na miwili. Mwaka wa kwanza, safu za Juni na Julai zilijaa sifuri. Nimeziandika zote, siku kwa siku. Agosti 23 kuna alama moja ndogo, na mbele yake maneno ya Shangazi: vumbi tu, usipande.