Mabepari na Kaptula: Waandishi Wawili wa Kando ya Ziwa

Tunapoitaja tamthilia ya Kiswahili, aghalabu macho yetu huelekea Pwani na Dar es Salaam. Mimi, mwalimu mstaafu niliyesomesha Fasihi hapa Mwanza, naomba leo tulitazame Ziwa Viktoria, kwa watu wawili ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya kwanza.

Wa kwanza ni Mwalimu Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama. Akiwa Rais alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akaiita Mabepari wa Venisi. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu aliteua neno la siasa ya wakati wake, tena kwa wingi. Hivyo mchezo wa Kiingereza ukawaambia Watanzania wao ni nani: taifa lisilotaka mabepari, lenye lugha isiyoshindwa na mzigo wowote.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Mwaka 1978 aliandika Kaptula la Marx: Rais Kapera na mawaziri wake wako safarini kuelekea nchi ya Usawa, naye Rais amevaa nguo ya kuazima isiyomkaa. Tazameni sarufi. Kwa kawaida husema kaptula ya fulani. Ile “la” inaikuza nguo hata ikampwaya mvaaji. Hoja ya mchezo mzima imo katika herufi mbili. Kitabu kilichapishwa mwaka 1999, mwaka uleule Mwalimu alipofariki.

Wanafunzi waliwahi kuniuliza: je, huu si usaliti? Nilijibu la, na bado nimesimama hapo. Kezilahabi angeweza kunung'unika kwa Kikerewe, wakamsikia jirani zake. Au kwa Kiingereza, wakamsikia wasomi. Alilisuta taifa kwa lugha ileile ambayo taifa lilijijenga nayo, ili kila raia asikie na ajibu. Anayegombana nawe barazani hajahama nyumba.

Ndiyo maana nawasihi walimu na watunzi wenzangu wasiwatenganishe wawili hawa. Tukimfundisha Mwalimu peke yake, vijana watapokea utaifa kama vazi lililokwisha kushonwa. Wakimsoma na Kezilahabi, watajua kwamba wana ruhusa ya kulipima mwilini, na kusema kwa Kiswahili fasaha pale linapobana na pale linapopwaya.