Milango ya Picha: Historia ya Ung'avu wa Sinema katika Jinja na Mbale

Jinja, pale Mto Nili unapoliacha Ziwa Viktoria, na Mbale, chini ya genge la Wanale ambalo ni mkono mmoja wa Mlima Elgon, ni miji miwili ambayo tangu kuasisiwa kwake imepokea vitu vya mbali kwa njia ile ile ya kutoka Mombasa. Na sinema, ingawa ni kitu cha mwangaza kisichokuwa na uzito, haikujaliwa njia nyingine. Kila zama picha ilipita katika mlango wake, na kila mlango ulikuwa na kadiri yake, ambayo picha haikuweza kuizidi hata mtazamaji angekuwa na mali namna gani. Milango hiyo yastahili kufuatwa mmoja baada ya mwingine, tangu malori ya sinema ya serikali ya kikoloni hata mashine za gemu zilizomo leo vibandani na sebuleni, kwa sababu mwenye kuifuata hugundua ya kuwa mipaka ya ung'avu, ambayo zamani iliwekwa na maumbile ya vitu, siku hizi aghalabu huwekwa na mikataba.

Mlango wa kwanza ulikuwa upana wa mkanda. Baina ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliokuwa chini ya Meja L. A. Notcutt waliendesha jaribio lililojulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment, ambalo shabaha yake ilikuwa kutengeneza filamu fupi za mafunzo ya kilimo, afya na akiba, kisha kuzitembeza kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi zilizo kusini yake. Kwa kuwa lori moja lilipaswa kuchukua projekta, skrini na mtambo wa umeme, walichagua mkanda wa milimita 16 badala ya ule wa milimita 35 uliotumika katika majumba ya sinema; na mwenye kupima atakuta kwamba picha moja ya mkanda mwembamba haifikii hata robo ya eneo la picha ya mkanda mpana, hivyo ikikuzwa mbele ya hadhira ya mamia, nyuso hufifia na majani ya mgomba huwa utusitusi. Sauti nayo haikuwamo mkandani, ilipigwa kwa santuri. Na baadaye, magari ya idara ya filamu ya makoloni iliyoundwa mwaka 1939 yalipoanza kuzunguka, msimulizi alisimama kando ya skrini na kipaza sauti, akaifasiri filamu kwa lugha ya wenyeji, akaongeza na maneno yake mwenyewe. Desturi hiyo ya msimulizi haikufa, kama tutakavyoona.

Mjini hali ilikuwa nyingine. Daraja la reli lilivuka Nili pale Jinja mwaka 1931, na kutoka Tororo tawi la reli lilipita Mbale kuelekea Soroti, hata shehena iliyoteremshwa Kilindini, bandari ya Mombasa, ikafika katika miji yote miwili bila ya kubebwa kichwani na mtu. Majumba ya sinema, ambayo wenyewe katika Afrika Mashariki walikuwa zaidi Wahindi, yalionyesha mikanda ya milimita 35 kutoka Bombay na Hollywood. Na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alipolifungua bwawa la Owen Falls, Jinja ikawa chemchemi ya umeme wa nchi nzima, na viwanda vya nguo na vya shaba vikafuata, pamoja na wafanyakazi waliokuwa na mshahara mwisho wa mwezi na hamu ya kuutumia. Mtu wa Jinja au wa Mbale aliyekata tikiti katika miaka ile alitazama picha iliyosheheni mambo madogo madogo kuliko yoyote ambayo angeonyeshwa kwa miongo mingi iliyofuata, maana mkanda mpana, ukiwa mpya na lenzi ikiwa safi, huhifadhi uzi wa sari na jasho la shujaa. Wanaodhani kwamba ung'avu umekuwa ukipanda daima tangu siku za mababu, na wauzingatie ukweli huu: katika nchi yetu ulianza juu, ukashuka sana, ndipo ukapanda tena.

Kushuka kulianza kwa neema. Televisheni ya Uganda ilizinduliwa mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, na rangi zikaja mwaka 1975, Kampala ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Picha hiyo iliyosafiri hewani ilikuwa ya mistari 625, ambayo 576 tu kati yake huchukua taswira yenyewe, na kadiri mtu alivyokuwa mbali na mnara ndivyo chembe nyeupe zilivyoifunika. Hapa mlango ulikuwa mnara, na umbali ndio uliokuwa bawabu. Lakini watu hawakunung'unika, maadamu kile ambacho zamani walikifuata kwa tikiti sasa kilikuwa kimewafuata nyumbani, au walau nyumbani kwa jirani mwenye uwezo.

Lakini kabla ya rangi hizo ilikuwa imekuja Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kutoka nchini, na katika Jinja na Mbale, ambako mitaa mingi ya biashara ilikuwa na majina yao juu ya milango, maduka, viwanda na majumba ya sinema yakabaki mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakuwa na mtaji wala mawasiliano ya kuleta mikanda mipya. Pengo hilo halikuzibwa na jumba jingine. Lilizibwa na kanda ya VHS, iliyotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, ambayo ung'avu wake hukadiriwa kuwa mistari 240 hivi. Na kwa kuwa kanda iliyofika Mbale mara nyingi ilikuwa nakala ya nakala, na kila nakala hupoteza kitu kutoka kwa mama yake, mtazamaji alipokea mabaki. Hapo ndipo vilipochipuka vibanda vya video, vyumba vya mabati na mabenchi ambamo deki na televisheni moja vilihudumia mtaa mzima, na ndipo msimulizi wa zamani aliporudi kwa jina jipya la VJ, akaketi na kipaza sauti chake, akazifasiri filamu za Marekani, za Hong Kong na za Kihindi kwa Kiganda na kuzitia mzaha, hata wengine, mathalan VJ Jingo, wakajulikana kuliko nyota waliokuwa wakiwasemea. Picha ilikuwa katika hali yake duni kuliko zote tangu siku za lori, na watazamaji walikuwa wengi kuliko wakati wowote, jambo ambalo mwanahistoria hana budi kulitia katika hesabu yake.

Mashine ya gemu iliingia katika habari hii kwa mlango wa santuri ya plastiki. Disiki za VCD zilikuwa na nukta 352 kwa 288, ambazo hazikuishinda kanda kwa mengi ila kwa kutochakaa. DVD ikaleta 720 kwa 576, yaani kadiri yote ambayo televisheni ya kawaida iliweza kuionyesha. Na mwaka 2000 kampuni ya Sony ilipoitoa PlayStation 2, ambayo hatimaye iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, iliipa uwezo wa kucheza DVD pasipo kuhitaji deki. Kwa mwenye kibanda hii ilikuwa faida maradufu: mchana vijana walilipa kwa kila mchezo wa kandanda, na jioni mashine ile ile iliwaonyesha filamu. Watengenezaji walijua wanalolifanya, kwani PlayStation 3 ya mwaka 2006 ilikuja na disiki ya Blu-ray na mistari 1080, na tangu hapo mashine ya gemu haikuwa tena kitu cha watoto tu, ilikuwa lango la sinema ya nyumbani.

Tarehe 6 Januari 2016 Netflix ilitangaza kwamba imeyafungulia mataifa 130 kwa siku moja, Uganda ikiwamo, na watu wakaingia katika zama za utiririshaji, ambamo filamu haihifadhiwi na mtazamaji, humiminika kwake kadiri anavyoitazama. Ni katika zama hizi ndipo mlango ulipokuwa mgumu kuutambua, kwa sababu ni milango mingi iliyofuatana, na mwembamba kuliko yote ndio unaotawala. Mashine ya Wii ya Nintendo, iliyoweza kupokea Netflix, haikutoa zaidi ya mistari 480 kwa kuwa ndivyo ilivyoundwa. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikomea mistari 1080, na aliyetaka nukta 3840 kwa 2160, ziitwazo 4K, alisubiri PlayStation 4 Pro mnamo Novemba 2016. Nayo Pro, ajabu, haikuweza kusoma disiki za 4K, ilhali Xbox One S, iliyoitangulia kwa miezi michache na kuuzwa kwa bei ndogo zaidi, iliweza. Xbox Series S ya mwaka 2020 nayo imekusudiwa kuchora michezo kwa mistari 1440, lakini filamu huzitiririsha kwa 2160. Na Nintendo Switch, mashine iliyopendwa sana duniani, imeishi miaka yake bila ya programu ya Netflix kabisa.

Msomaji atauliza: kama nguvu ya mashine siyo kipimo, kipimo ni nini? Jawabu ni kwamba baina ya filamu na jicho pana masharti kadhaa. Kwanza, lazima ndani ya mashine mwe na kifaa cha kufumbua picha zilizobanwa kwa mtindo mpya, na kile cha mashine ya 2013 hakifanyi kazi hiyo kwa 4K. Pili, programu ya filamu huandikwa kwa kila mashine peke yake, na kampuni ndiyo inayoamua kama yafaa kugharamia kuiandika upya na kuihakiki. Tatu, wenye filamu hudai ulinzi dhidi ya wezi, uitwao HDCP 2.2, ambao huitaka mashine, televisheni na kila kifaa kilichoungwa baina yao kutambuana kabla ya 4K kuruhusiwa. Na mwenye kibanda aliyeunga kigawanyio cha bei nafuu ili kuzilisha skrini mbili kwa waya mmoja, hujikuta picha imerudishwa kwenye mistari 1080 au imezimwa, ingawa kila kifaa chake ni kizima. Nne, akaunti yenyewe ina daraja, na 4K imewekwa katika daraja ya bei ya juu.

Fauka ya hayo ipo njia. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Mombasa mwezi Julai 2009, na nyuzi zake zikapanda bara kupitia Malaba na Busia, zikafika Tororo, Mbale na Jinja karibu kwa kuzifuata nyayo za reli; hivyo filamu ya leo hupita pale pale palipopita masanduku ya mikanda. Netflix hushauri megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, 5 kwa mistari 1080 na 3 kwa mistari 720, na yakiri kwamba saa moja ya 4K yaweza kumaliza gigabaiti 7. Kwa mtu wa bando la simu, ambaye tangu Julai 2021 hulipa pia ushuru wa asilimia 12 juu ya data, hesabu hiyo humalizika kabla ya filamu kwisha. Basi yeye mwenyewe huipunguza picha kwa hiari, akawa bawabu wa mlango wake.

Walakini mlango uliofungwa zaidi hauhusiani na waya wala chembe ya silikoni. Mtandao wa PlayStation haukuitia Uganda, wala Kenya na Tanzania, katika orodha ya nchi ambamo mtu hufungua akaunti kwa jina la nchi yake; kwa hiyo kijana wa Mbale anayetaka kupakua programu ya filamu hujiandikisha kana kwamba aishi Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, na akashughulika na duka la ugenini na kadi za malipo za ugenini. Huduma hizi kadhalika huuzwa kwa matumizi ya nyumbani, na mwenye kibanda anayeitoza hadhira yake kwa akaunti ya nyumbani huwa amevuka sharti la mkataba, na Uganda ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2006. Hivyo kile kibanda, ambacho ndicho kilichoibeba sinema katika miaka ya dhiki, hakikuwekewa mlango wa halali hata mmoja katika mpango mpya.

Ukiyajumlisha haya, hukumu yake ni nyepesi kuitamka. Mkanda mwembamba ulikuwa mwembamba kwa sababu ya lori, na chembe nyeupe za televisheni zililetwa na umbali. Mipaka ya namna hiyo ufundi huishinda kwa wakati, na imekwisha kushindwa. Mipaka ya mikataba haishindwi kwa kununua skrini pana zaidi, na mwenye sebule yafaa aulize kwanza ni mlango upi ulio mwembamba katika msafara wake kabla hajatoa fedha zake. Ama kwa nchi, dawa yake ni majadiliano, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi nane na watu zaidi ya milioni 300 ina uzito wa kudai mambo mawili kwa pamoja: maduka yawafungulie wanunuzi wake kwa majina ya nchi zao, na filamu zinazouzwa kwao zisemwe kwa lugha zao. Dai la pili lisisahauliwe kwa sababu ya la kwanza, kwani wale waliojaa mbele ya mistari 240 wakimsikiliza VJ walikwisha kutoa ushahidi ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa na thamani kubwa kwao.