Kukinga na Kuchoma: Historia ya Kuangaza na Kutia Giza Sehemu za Picha, kutoka Chumba cha Giza hadi GIMP

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya mbinu mbili za usafishaji wa picha, kuangaza na kutia giza sehemu teule, kutoka chumba cha giza hadi programu huria ya GIMP. Hoja inayojengwa ni kwamba majina ya Kiingereza ya mbinu hizo ni masalia ya kazi ya mikono iliyokwisha kutoweka, na kwamba mfasiri wa Kiswahili anayeyafuata neno kwa neno humpeleka mtumiaji kinyume na kile ambacho zana inafanya.

Picha iliyoungua

Katika enzi ya filamu, mteja aliyerudi studio kuchukua picha zake aliweza kuambiwa maneno mawili yaliyomaliza mjadala: picha zimeungua. Maana yake ilieleweka na wote. Mwanga ulikuwa umeingia mahali usipotakiwa, pengine kwa sababu kamera ilifunguliwa kabla mkanda haujarudishwa, na kilichokuwa kwenye filamu kimefutika. Filamu ya namna hiyo ikisafishwa hutoka nyeusi tii, na karatasi inayochapwa kutokana nayo hubaki nyeupe. Kwa Mswahili wa studio, basi, kuungua kwa picha ni kupotea kwake katika weupe.

Mtu huyohuyo, au mwanawe aliyerithi studio, akifungua leo programu ya kuhariri picha, anakutana na zana yenye majina mawili. Jina la kwanza kwa Kiingereza lina maana ya kukwepa, na la pili lina maana ya kuchoma. La kwanza huangaza sehemu ya picha inayopitishwa brashi. La pili huitia giza. Mfasiri akiandika “choma” kwenye skrini, atakuwa amelitendea haki neno la Kiingereza na kumpotosha msomaji, maana katika lugha ya studio kilichochomwa na mwanga hakiwi cheusi.

Kazi ya mikono gizani

Mantiki ya majina hayo haipatikani katika kompyuta. Inapatikana chini ya mashine ya kukuzia picha. Karatasi ya picha hupakwa chumvi za madini ya fedha, na sehemu yake iliyopigwa na mwanga hugeuka nyeusi inapotiwa katika dawa. Mwanga hushuka kutoka kwenye taa, hupita katika negativu, kisha hufika kwenye karatasi kwa sekunde kadhaa. Msafishaji aliyetaka uso wa mtu usitoke mweusi mno alishika kipande kidogo cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye ncha ya waya, akakipitisha juu ya uso huo kwa muda, ili mwanga usiufikie. Aliyetaka anga itoke nzito zaidi alifanya kinyume: baada ya karatasi yote kupata mwanga wa kutosha, aliikinga kwa mikono yake au kwa kadibodi yenye tundu, akaacha mwanga uendelee kuipiga anga peke yake. Mikono na kadibodi havikutulia hata kidogo, kwa kuwa kikituama kivuli chake huacha mpaka unaoonekana kwenye picha.

Hapa ndipo kitendawili kilipo. Katika chumba cha giza, kuangaza ni kuzuia mwanga, na kutia giza ni kuuongeza. Kuchoma kulikuwa kuchoma kweli, kwa maana ya kuizidishia karatasi mwanga. Majina ya Kiingereza yalitaja tendo la mkono, wala si rangi iliyotokea.

Mbinu hizi hazikuwa pambo. Negativu za karne ya 19 ziliitikia mno mwanga wa buluu, hivyo anga ilitoka nyeupe tupu. Gustave Le Gray wa Ufaransa, katika miaka ya 1850, alilazimika kuunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya mawingu. Mpiga picha aliyeufikisha ufundi huu mbali zaidi katika karne iliyofuata ni Mmarekani Ansel Adams, ambaye kitabu chake kuhusu uchapaji wa picha kilitoka mwaka 1950 na kuandikwa upya mwaka 1983. Adams, aliyeanza maisha kama mpiga piano, aliilinganisha negativu na noti za mtunzi wa muziki, na picha iliyochapwa na uimbaji wake. Mfano wake mashuhuri ni picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliyoipiga mwaka 1941. Katika machapisho ya mwanzo mawingu hafifu yanaonekana juu ya anga. Katika yale ya miongo iliyofuata anga imezidishiwa mwanga hadi ikakaribia weusi kamili, na mwezi unaning’inia peke yake. Negativu ni ileile. Kilichobadilika zaidi ni sekunde na mikono.

Mtu aliyezoea kudhani kwamba udanganyifu wa picha uliletwa na kompyuta angefaidika kuitazama anga hiyo katika machapisho mawili tofauti.

Kutoka karatasi hadi namba

Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuandika programu ya kuhariri picha. Toleo la kwanza kutolewa kwa umma, 0.54, lilitoka mwaka 1996, na toleo la 1.0 mwaka 1998. Herufi ya kwanza ya jina GIMP, ambayo mwanzoni ilisimama badala ya neno lenye maana ya “jumla”, ilibadilishwa iwakilishe GNU, mradi wa programu huria. Toleo la awali lilitegemea Motif, maktaba ya vitufe na madirisha ambayo haikuwa huria. Waandishi wakajitungia ya kwao, GTK, nayo baadaye ikawa msingi wa mazingira mazima ya kompyuta yaitwayo GNOME. Ni nadra kwa programu ya picha kuzaa kitu kikubwa kuliko yenyewe.

Zana ya kuangaza na kutia giza ilipoingia katika GIMP, ilichukua majina yaliyokwisha kuzoeleka katika programu za kibiashara, hasa Photoshop. Katika Photoshop hata alama za zana zilichorwa kwa kumbukumbu ya chumba cha giza: duara kwenye kijiti, na mkono uliokunjwa kuacha tundu. GIMP iliziweka kazi zote mbili katika zana moja, na mtumiaji hubadilisha kutoka moja kwenda nyingine kwa kubonyeza kitufe cha Ctrl. Huchagua pia iwapo brashi iguse zaidi sehemu za giza, za kati au za mwanga. Kiasi cha nguvu ya zana, kwa Kiingereza, kinaitwa kwa neno lilelile lililotumika kwa muda ambao karatasi ilikaa chini ya mwanga, ingawa hapa hakuna karatasi wala taa. Kilichopo ni pikseli, na kila pikseli ni namba: ikipanda, mahali hapo pananawiri, ikishuka, panafifia. Kinyume cha chumba cha giza kimekwisha. Majina yamebaki.

Ufukara wa namba hizo uliwahi kuwa tatizo lenyewe. Kabla ya toleo la 2.10 la Aprili 2018, GIMP ilifanya kazi kwa ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. Brashi ikipita mara nyingi mahali pamoja, ngazi hizo chache huachana, na anga iliyokuwa laini hutokea michirizi. Toleo la 2.10 lilileta hesabu ya biti 16 na 32, na tatizo hilo likapungua sana. Wahariri waangalifu, hata hivyo, huiacha zana hiyo kabisa: huweka juu ya picha tabaka la kijivu cha kati lisiloonekana, wakapaka nyeupe wanapotaka mwanga na nyeusi wanapotaka giza. Picha ya asili haiguswi, na tabaka likikosewa hufutwa.

Njia mbili za wafasiri

GIMP ikiwa huria, maandishi yake ya skrini yako wazi kwa mfasiri yeyote, na lugha mbalimbali zimelijibu swali la majina haya kwa namna tofauti. Kijerumani kimefuata chumba cha giza: jina la kwanza linatokana na kitenzi cha kupunga, kama mtu apungavyo kipepeo, na la pili lina maana ya kuongeza mwanga baadaye. Kifaransa kimefuata matokeo: kufanya kuwe na mwanga, kufanya kuwe na giza. Wajerumani wamehifadhi historia, nao waliweza kwa sababu mafundi wao walikuwa na maneno yao tayari. Wafaransa wamemhudumia yule asiyewahi kuona mashine ya kukuzia picha.

Kiswahili hakiko mahali pa Kijerumani. Mafundi wa studio walikuwa na msamiati wao, wa kusafisha picha, mkanda, negativu, lakini hakuna jozi iliyoenea ya kutaja mbinu hizi mbili. Kitenzi “kukinga” kinavutia, kwani ndicho mkono ulichofanya. Tatizo ni kwamba anayekinga mvua kwa mwavuli huizuia, na anayekinga maji ya mvua kwa ndoo huyapokea. “Kukinga mwanga” kungeweza kusomwa pande zote mbili. “Kukoleza” kungefaa kwa upande wa giza, lakini rangi iliyokolea si lazima iwe ya giza, na programu ina zana nyingine ya kuongeza ukolezi wa rangi. “Kung’arisha” kumekwisha kutekwa na matangazo ya krimu za ngozi, na katika kazi inayogusa nyuso za watu neno hilo halipaswi kuingia kwa uzembe. Jarida la Time la Juni 27, 1994, lilichapisha kwenye jalada picha ya polisi ya O. J. Simpson ikiwa imetiwa giza, wakati Newsweek la wiki hiyo lilitumia picha ileile bila giza hilo; lawama zilizofuata zilihusu rangi ya ngozi ya mtuhumiwa na hukumu iliyofichwa ndani ya kivuli.

Kazi ya istilahi za programu huria si ngeni katika eneo hili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hiyo, hata hivyo, ilikuwa programu ya ofisi, na maneno yake ni ya kazi ya karani: faili, kuhifadhi, kuchapa. Programu ya picha inadai maneno ya ufundi mwingine, tena yafae pande zote za mipaka. Mpiga picha wa Kampala au Arusha hujifunza zana hii kwa Kiingereza, akibeba kukwepa na kuchoma. Wa Goma au Bujumbura, anayesema foto wala si picha, huelekea kujifunza kwa Kifaransa, na tayari anafikiri kwa mwanga na giza. Tafsiri sisisi ya Kiingereza ingemfaa wa kwanza kwa shida, na isingemfaa wa pili hata kidogo.

Jozi ya “angaza” na “tia giza” inaeleweka Goma na Arusha bila maelezo. Haisemi lolote kuhusu waya na kadibodi, na hilo ni hasara. Mahali pa historia hiyo ni katika mwongozo wa mtumiaji, ambao nao ni huria na unaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kwa kiwango cha zana, neno “nguvu” linatosha. “Choma” libaki kwa mkanda ulioingiwa na mwanga.