Wimbo na Njia Zake: Waimbaji wa Kujitegemea katika Afrika Mashariki tangu 1928

Neno «mtandao» limepata maana mpya katika miaka michache iliyopita, lakini shina lake ni la zamani. Latokana na kitenzi «kutanda», kile kile kilichozaa «utando» wa buibui. Kabla halijawa jina la vyombo vya intaneti, wazo lililomo ndani yake lilikuwa ni la kitu kilichoenea na kushikana, uzi huu ukiushika uzi ule. Kwa maana hiyo watu wa pwani walikuwa na mitandao yao ya kijamii kabla ya kujua waya wa simu: baraza, chama cha ngoma, arusi, mkahawa, na jahazi lililosafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Mwimbaji asiye na bwana wa kumlisha alizitegemea nyuzi hizo ili sauti yake ifike mbali.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi nyuzi hizo zilivyobadilika tangu santuri za kwanza za Kiswahili hadi simu za leo, na kuonyesha jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa: kila njia mpya ilipofunguka ilikuwa na mlinzi wake mlangoni. Lugha yenyewe ni shahidi wa jambo hili. Vitenzi ambavyo watu hutumia wanapotaja habari za wimbo vyaeleza, pengine bila ya wasemaji kukusudia, ni nani aliyekuwa na nguvu juu yake.

I. Arusi na santuri

Taarabu ya Unguja ilianza kukua katika jumba la mfalme, zama za Seyyid Barghash aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Chama cha Ikhwan Safaa kilichoundwa mwaka 1905 kiliifuata njia hiyo hiyo. Waimbaji wa namna hii hawakuwa na haja ya kujitangaza, kwa kuwa wasikilizaji wao walikuwa wakijulikana na idadi yao ilikuwa ndogo.

Siti binti Saad alikuwa na hali nyingine. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, akauza vyungu kabla ya kujulikana kwa sauti yake, na alipohamia mjini aliimba kwa Kiswahili pamoja na wenzake kwa watu wa tabaka mbalimbali. Njia yake ya kwanza ilikuwa ni ya mwaliko. Kitenzi kinachoifaa hali hiyo ni «kualikwa»: aliyeimba vizuri katika arusi moja alialikwa katika arusi ya pili, na sifa zilichukuliwa na wale waliohudhuria. Mlinzi wa mlango alikuwa mwenye shughuli, na hukumu yake ilitolewa usiku ule ule, mbele ya watu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kutiwa sauti zao katika santuri. Tangu hapo wimbo uliweza kusafiri bila ya mwimbaji. Asiyekuwa na gramafoni aliweza kuisikia ya jirani au ya mkahawani, na maneno yaliyotungwa Ng'ambo ya Unguja yalifika bandari nyingine za pwani na miji ya bara. Mfano ulio maarufu ni «Kijiti», wimbo uliosimulia mauaji ya mwanamke na namna mwenye hatia alivyotoroka. Habari ya mtaa mmoja ikawa habari ya nchi nyingi.

Walakini santuri ilileta mlinzi mpya. Kampuni ndiyo iliyochagua nani asafiri, wimbo gani utiwe, na upande mmoja wa sahani uwe na urefu gani, ambao haukuzidi dakika chache. Utungo mrefu ulilazimika kupunguzwa beti. Pamoja na hayo yafaa kukumbuka faida moja: santuri ni kitu kinachoshikika. Kampuni ilipoacha kuziuza, sahani zilibaki katika masanduku ya watu, na baadhi zingalipo hata leo. Shaaban Robert naye aliandika wasifu wa mwimbaji huyu, akaihifadhi habari yake kwa njia ya kitabu. Kwa sababu ya mambo hayo mawili mtaalamu wa lugha anaweza bado kuchunguza matamshi na maneno ya wakati ule.

II. Redio na mlango mmoja

Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Baada ya uhuru chombo hicho kikawa cha serikali, na tangu mwaka 1965 kikajulikana kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa karibu miaka thelathini hakikuwa na mshindani Tanzania Bara. Bendi ilikwenda katika studio ya redio, nyimbo zikarekodiwa, na zikisha kukubaliwa zikasikika nchi nzima. Bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mpiga muziki aliyejitegemea alipita mlango ule ule, lakini bila ya mshahara wa kumsubirisha.

Katika zama hizi kitenzi kikuu ni «kupigwa». Husemwa, «wimbo wake unapigwa redioni». Msomaji ataona kwamba muundo huu ni wa kutendwa, na mtenda hatajwi. Mwimbaji amepiga gitaa, lakini kuhusu kusikika kwake yeye ndiye anayetendewa. Aliyetaka santuri ilimbidi aende Nairobi, mahali palipokuwa na makampuni ya kuzitoa. Mbaraka Mwinshehe, aliyeongoza bendi yake ya Super Volcano tangu mwaka 1973, ni mmoja wa waliosafiri hivyo mpaka alipofariki Kenya mwaka 1979.

Redio haikuwa na ubaya mtupu. Iliwaunganisha wasikilizaji wa Kigoma na wa Tanga katika lugha moja na nyimbo zile zile, na kanda zilizowekwa katika maktaba yake ni hazina kubwa. Lakini hazina hiyo haikuwa mikononi mwa waliotunga.

III. Kanda

Kanda ndogo za kaseti zilipoenea katika miaka ya 1970, mlango ule mmoja ulipata ufa. Mambo haya yanaonekana vizuri Mombasa, ambako arusi zilikuwa bado ndio uwanja mkubwa wa taarabu. Mashine iliwekwa karibu na mwimbaji, wimbo ulirekodiwa pamoja na vigelegele vya wanawake, na baada ya muda kanda iliuzwa dukani. Mtandao wa arusi na mtandao wa mashine vikawa kitu kimoja. Nyimbo za Juma Bhalo na za Zein l'Abdin zilisafiri hivyo hadi Lamu, Unguja na Uarabuni, zikichukuliwa na jamaa katika mizigo yao.

Kitenzi cha zama hizi ni «kunakiliwa», nacho pia ni cha kutendwa. Kila aliyekuwa na redio ya kaseti mbili aliweza kuutangaza wimbo, na asiwajibike kwa yeyote. Sifa ziliongezeka na malipo hayakuja. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zilikuja wakati desturi ya kunakili imekwisha ota mizizi.

Aliyepata hasara zaidi ni mtunzi wa maneno. Nyingi katika nyimbo za Juma Bhalo zilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, mshairi mkubwa wa Mvita. Kanda iliyonakiliwa mara ya tano mara nyingi haikuwa tena na karatasi wala jina la mtunzi; ilikuwa na sauti tu. Mashairi yaliyopigwa chapa katika «Malenga wa Mvita» mwaka 1971 yana jina lake mpaka leo. Tofauti baina ya hali hizo mbili yastahili kutiliwa maanani na kila mtungaji.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipoondoa ukiritimba Tanzania, na stesheni za watu binafsi zilipoanza mwaka 1994, vijana wa muziki mpya uliokuja kuitwa Bongo Fleva walipata milango mingi mahali pa mmoja. Lakini wingi wa milango si kukosekana kwa walinzi. Mtangazaji wa kipindi alichukua nafasi ya mkuu wa studio, na msambazaji wa kanda alichukua nafasi ya kampuni ya santuri.

IV. Simu na intaneti

Singeli ya Dar es Salaam yaonyesha jinsi njia za zamani na za sasa zinavyoweza kufuatana katika muziki mmoja. Ilikulia katika vigodoro, ngoma za usiku za mitaa kama Manzese na Tandale, katika studio ndogo za watu wasio na kampuni. Kutoka hapo ilihamishwa simu kwa simu, na katika kadi za kumbukumbu zilizojazwa nyimbo na vijana wenye kompyuta vibarazani. Redio ziliipokea baadaye. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao «Sounds of Sisso», na singeli ikafika Ulaya. Yaani arusi na mtaa vilitangulia, mashine zikafuata.

Lugha ya waimbaji nayo ilibadilika. Siku hizi msanii husema, «nimeachia wimbo». Kitenzi hiki ni cha kutenda, na mtenda ni mwimbaji mwenyewe. Tena aachiaye ni yule aliyekuwa ameshika. Ni badiliko kubwa kutoka «kupigwa» na «kunakiliwa», na halikutokea bure: aliye na simu anaweza kuuweka wimbo wake YouTube bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Lakini mara baada ya kuachia hufuata kitenzi kingine, «kutrendi», kilichotoka katika Kiingereza. Husemwa kwamba wimbo unatrendi. Ni nadra kutajwa aliyeufanya utrendi. Hapo mtenda ametoweka kabisa, kuliko hata katika zama za redio, maana mkuu wa studio alikuwa mtu mwenye jina na ofisi, na mwimbaji aliweza kwenda kubisha hodi. Mlinzi wa leo ni hesabu za mashine zinazochagua nani aone nini, nazo hubadilishwa na wenyewe bila ya shauri. Hata muundo wa wimbo waathirika. Video za TikTok zilipoanza kupendwa zilikuwa za sekunde chache tu, na kwa sababu hiyo kipande kinachosambaa aghalabu ni kibwagizo peke yake. Beti hubaki nyuma, kama zilivyobaki nyuma zile ambazo sahani ya santuri ilizikosea nafasi.

Kuhusu malipo pana matumaini kidogo. Huduma ya Kenya ya Skiza, ambayo humsikilizisha mpigaji simu wimbo badala ya mlio, ilianza mwaka 2009, na ugawaji wa mapato yake ulizua malalamiko ya muda mrefu. Marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2022 yaliagiza kwamba katika mapato ya miito ya namna hiyo msanii asipate chini ya asilimia 52. Huu ni mfano wa mlinzi aliyewekewa masharti kwa sheria.

Kuhusu hifadhi, mfano ulio mbaya ni wa Marekani. Myspace, iliyoanza mwaka 2003, ilikuwa wakati mmoja uwanja mkubwa wa waimbaji wa kujitegemea duniani. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba nyimbo zilizowekwa humo tangu 2003 hadi 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wengi hawakuwa na nakala nyingine. Sahani ya Bombay ya mwaka 1928 ingali yaweza kupigwa. Mamilioni ya nyimbo za juzi hayapo tena.

V. Hitimisho

Kutokana na hayo yaliyoelezwa yaonekana kwamba kila badiliko la njia limempa mwimbaji wasikilizaji zaidi, na kila mara limemkabidhi kwa mlinzi aliye mbali zaidi kuliko wa kwanza. Mwenye arusi alikuwa jirani, mkuu wa redio alikuwa mji mkuu, na wenye mitandao ya sasa wako ng'ambo ya bahari. Si busara kwa mwimbaji kuzikataa njia hizi, wala Siti hakukataa kwenda Bombay. Lililo lazima ni kutofanya njia kuwa ghala. Mwimbaji ashike nakala yake nje ya mtandao, aandikishe kazi yake, na ayaandike maneno kamili ya wimbo pamoja na jina la mtunzi na mwaka.

Kwa wanafunzi wa lugha kazi ni kubwa zaidi, na haifai kungoja. Maneno ya singeli na ya taarabu ya sasa ni Kiswahili cha watu wengi kuliko kile kinachopatikana vitabuni, na mengi katika hayo hayajaandikwa mahali popote. Yafaa yakusanywe wakati waliotunga wangali hai na waweza kuulizwa maana yake.